Kamba Arobaini na Moja

Watu wote waliowahi kuingia chumba changu hapa Kamwokya wameniuliza swali moja: hizi kamba ni za nini? Mmoja alifikiri nimeleta mganga. Pasta naye alikuja kuniombea nilipougua mguu, na wakati wa maombi hakufunga macho hata kidogo, alikuwa anaangalia tu pale juu ya kitanda, kamba zimening'inia kwenye msumari kama mkia wa ng'ombe. Nikamwambia, "Pasta, omba tu, haziumi."

Kamba ni za mwanangu. Mwanangu ni fundi wa nguo, na kamba ndiyo kazi yenyewe. Ngoja nieleze vizuri, maana usipoelewa kamba hutaelewa tulivyoipeleka gavumenti kortini mpaka jaji akacheka.

Baba yangu mimi alikuwa anashonea jeshi. Sisi ni watu wa kaskazini, lakini mimi nimezaliwa kambini, nimekua kambini, nikaolewa na polisi, nikahamia kambi nyingine. Kiswahili changu ni cha huko, ndiyo maana hata nikikukaribisha chai unaona kama nimekuamrisha. Baba hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini askari wa kambi nzima walivaa suruali zake, na hakuna hata moja iliyowahi kudondoka kwenye gwaride. Alikuwa anapima kwa kamba. Kila mtu na kamba yake. Unaweka ncha kwenye bega, unavuta mpaka bega lingine, unafunga fundo moja. Unarudi kwenye ncha ileile, unaiweka tena begani, unashuka na mkono mpaka kwenye kifundo, hapo unafunga mafundo mawili. Kifua, mafundo matatu. Makalio, hapo unakata, kamba imeisha. Halafu huku chini unafungia kipande kidogo cha kitambaa cha yule mteja, ili kesho ukishika kamba ujue umemshika nani.

Mimi shule nilifika darasa la tatu, lakini kusoma kamba nilijua kabla ya kuota meno ya mbele mara ya pili. Na mwanangu, ambaye alisoma kunishinda mbali, babu yake alimfundisha hivyohivyo. Tepu alikuwa nayo, anaivaa shingoni kama mafundi wote, ya kupendezesha tu. Kazi aliifanya kwa kamba. Alikaa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la mtu, pale barabarani, na mtaa mzima ukaniita Mama Fundi. Nikienda kununua nyanya: Mama Fundi. Nikipita kwa mchoma chapati: Mama Fundi, habari ya asubuhi! Nililipenda hilo jina kuliko gomesi, lile gauni langu la harusi.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu anakaa mjane mwenzangu. Yeye ni Mwislamu, watu wake ni wa Nile ya Magharibi. Mume wake na wangu walikuwa polisi pamoja, wakalinda benki moja, wakazikwa mwaka mmoja. Siku ya Idi alikuwa ananiletea pilau, siku ya Krismasi nampelekea kuku. Chumvi ikiniishia hata hodi sipigi, nanyoosha mkono tu. Kamba yake ilikuwa ya kwanza kabisa kwenye msumari wa mwanangu, na kitambaa chake cha kijani chenye maua meupe.

Sasa jioni moja, mvua inanyesha, umeme umekatika, watu wakavamia duka la simu pale chini. Wakampiga mwenye duka kwa chuma, karibu wamuue, wakachukua kila kitu. Jirani yangu alikuwa barazani anakinga maji ya mvua. Akaona mmoja anakimbia. Aliona mgongo. Mgongo tu! Lakini huo mgongo umevaa koti la kahawia lenye kipande chekundu nyuma ya shingo, na lile koti Kamwokya yote ililijua. Mwanangu alijishonea la Krismasi, na kile kipande chekundu kilikuwa cha pazia langu la zamani. Polisi walipomuuliza jirani, akasema alichojua: "Koti lile ni la fundi wetu. Alilishona mwenyewe. Nimemjua."

Na kuhusu koti hakusema uongo. Kitu ambacho hakujua ni hiki: wiki mbili kabla, koti lilikuwa limetundikwa pale barazani, watu waone kazi. Mtu akapita, akalipenda, akalivaa palepale, akalipa, akaondoka nalo. Hata kamba hakupimwa, maana lilimkaa. Mwanangu akaeleza yote hayo mbele ya hakimu. Wakamuuliza, "Risiti iko wapi?" Banange! Nani Kamwokya anaandika risiti ya koti?

Wakampa miaka kumi na nane.

Mwenye lile duka la baraza akauza cherehani, ati kwa ajili ya kodi. Mimi nilipofika nikakuta amebakiza kile alichoona hakina bei, zile kamba. Nikazibeba nikazitundika juu ya kitanda changu. Mtaani hakuna tena aliyeniita Mama Fundi. Nikawa "mama wa yule". Hata wa nyanya, ambaye nilimpakata akiwa mtoto, aliniambia, "Wewe, mama wa yule, chukua nyanya zako."

Hapa lazima nikiri dhambi yangu, maana ina kazi mbele. Krismasi ya kwanza mwanangu akiwa ndani, nilinunua kuku mzima sokoni, nikakosa kitu cha kumfungia mguu. Nikaangalia kwenye msumari. Nikaitoa ile ya kijani yenye maua meupe, kamba ya jirani yangu, nikamfungia kuku. Kuku akaichafua yote, mnajua kuku walivyo, na mimi nikasimama pale namwangalia, nimefurahi! Kisha nikaitupa pamoja na manyoya. Kamba zilikuwa arobaini na mbili. Zikabaki arobaini na moja.

Miaka tisa sikumsalimia jirani yangu. Kutoka mlango wangu mpaka wake ni hatua nne, nimezihesabu. Nilijifunza kufua nikiwa nimempa mgongo, kupika nikiwa nimempa mgongo, mpaka mgongo wenyewe ukaanza kuuma.

Halafu yule mwenye koti akakamatwa kwa mambo mengine kabisa. Huko ndani akaokoka, na wokovu wake ukawa wa kweli, siyo wa kupiga makofi tu. Akawaambia wakubwa wa gereza kila kitu, duka la simu, chuma, na koti alilonunua kwa fundi wa Kamwokya. Kesi ikarudishwa juu, majaji wakaangalia, wakasema huyu mtu hana hatia, mwachieni.

Kwetu mtu akikaa mbali muda mrefu haingii nyumbani hivihivi. Anakanyaga yai kwanza, ili mabaya ya huko yabaki nje. Na yai lazima liwe la kuku wa kienyeji. Nilizunguka soko zima asubuhi ile, wananipa mayai makubwa ya kuku wa kisasa, nawaambia hapana, haya yametoka kwenye sanduku, hayajui kitu. Nikalipata moja kwa mama mmoja, dogo kama limau. Mwanangu akavua kiatu mlangoni, akalikanyaga, paa! Nikapiga vigelegele mpaka watoto wakaja kuona harusi. Jirani yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wake. Akafunika mdomo na mtandio, akarudi ndani, akafunga mlango polepole.

Basi nikadhani yameisha. Kumbe mwanangu alirudi, lakini fundi hakurudi. Nikimletea kitambaa anakitazama kama magazeti ya jana. Nikamwazimia cherehani kwa mama wa kanisani, akaifunika na shuka.

Ndipo akaja yule loya. Binti mdogo, anakaa Kyambogo, anasaidia watu wa namna yetu bila kuwalipisha. Anavaa viatu vya chini na anakula kila unachomwekea, nikampenda papo hapo. Akatuambia, gavumenti ikimfunga mtu bure, mtu huyo anaweza kuidai fidia, tena kortini, mchana, watu wote wakisikia.

Nikamwambia, "Binti yangu, unataka nishitaki gavumenti? Mimi mjane wa polisi?"

Akasema, "Ndiyo mama. Na ugali huu umebaki?"

Akaandika karatasi zake, akapeleka. Baada ya muda gavumenti ikajibu. Loya akatuletea jibu akatusomea. Ilikuwa maneno mengi, lakini moja lilikuwa hili: huyu mtu hakuwa na kazi, kwa hiyo hakupoteza kazi. Walilitoa wapi? Siku ya kukamatwa, polisi aliyejaza fomu alifika kwenye neno kazi, hakumuuliza mtu, akaandika: hana.

Mwanangu aliiomba ile karatasi. Akaisoma mwenyewe, akaikunja, akairudisha. Akatoka akaenda kukaa nyuma ya choo. Nikamfuata. Miaka tisa walimwita mwizi, na kila nilipomtembelea alinichekesha mimi. Walipomwita hana kazi, alilia.

"Mama," akasema, "kama hata hilo wameliandika, mimi nilikuwa nani?"

Hapo nikajua tunakwenda kortini kutafuta nini. Pesa tulizitaka, sidanganyi mtu, sisi siyo malaika. Lakini ile karatasi ikibaki vile ilivyo, hata waje na gunia la pesa, mwanangu hatashika mkasi tena.

Loya akasema, "Mama, shida yetu ni ushahidi. Risiti hamna?"

"Hamna."

"Daftari la wateja?"

"Daftari lipo," nikamwambia. "Inua kichwa. Liko juu ya kitanda."

Mwanzoni hakuelewa. Nikamvua koti lake, nikachukua uzi, nikampima palepale, nikamfungia mafundo, nikamwonyesha. Alipoelewa aliruka akanikumbatia na chai ikamwagika.

Tukaanza kuwatafuta wenye kamba. Nilitembea na mzigo wangu begani, nashika vitambaa kimoja kimoja, nakumbuka. Hiki cha zambarau ni cha yule dada aliyekuwa anauza pombe hapa, sasa ana baa yake Kansanga. Hiki kitenge cha samaki ni cha mama Mkongo anayeuza vitenge sokoni. Hiki cha kijeshi ni cha afande mmoja mstaafu. Wengine wamehama, wengine wamekufa, wengine waliniona wakavuka barabara. Lakini hao watatu niliowataja walikubali. Wa baa alisema, "Gauni lile ndilo lililonipatia mume. Yule mume nilimfukuza, lakini gauni halina kosa. Nakuja."

Siku ya korti nilivaa gomesi, nikabeba kamba zangu kwenye kikapu. Askari wa mlangoni akauliza ni nini. Nikamwambia, "Ushahidi." Akatoa macho, akaniacha.

Waliniuliza nitaongea lugha gani, nikasema Kiswahili, wakaleta mkalimani. Loya wa gavumenti alikuwa kijana nadhifu, suti imemkaa lakini mikono mifupi, nikaona fundi wake alimwonea.

"Mama, umesoma mpaka wapi?"

"La tatu."

"Kwa hiyo kuweka hesabu za biashara hujui."

"Za kuandika sijui. Za kufunga, ndizo hizi."

Akainua kamba moja kwa vidole viwili, kama mtu ameshika panya. "Hizi si ungeweza kuzifunga jana?"

"Ningeweza," nikamwambia. "Mwite mwenye hiyo umpime tuone."

Jaji, mzee mmoja wa miwani, akasema haya, apimwe. Na kwa bahati yangu mbaya, ile aliyoishika ilikuwa ya zambarau, ya mama wa baa. Akaja mbele anatembea kama bibi harusi. Karani, dada mwembamba mwoga, akamzungushia kamba kwenye makalio. Haikufika! Ilibaki nafasi ya kiganja kizima, vidole vinne na gumba juu. Korti yote ikaanguka kicheko.

"Mheshimiwa," mama wa baa akasema, "mimi siku hizi nakaa kaunta."

Loya wa gavumenti akatabasamu. "Mheshimiwa Jaji, kamba haimtoshi. Ni za kubuni." Mimi moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili. Nikamwangalia loya wetu, anapekua karatasi.

Ndipo mwanangu akasimama. Tangu atoke gerezani hakuwahi kuongea kwa sauti namna ile.

"Mheshimiwa, naomba apimwe mkono."

"Kwa nini mkono?" jaji akauliza.

"Kiuno kinabadilika. Kifua kinabadilika. Mwanamke akizaa, mwanamume akistaafu, nguo zote zinafunguliwa mishono. Lakini mtu mzima, kutoka begani mpaka kifundo cha mkono, hanenepi kwa urefu. Hayo mafundo mawili ndiyo babu alisema tuyafunge kwa nguvu kuliko yote, kwa sababu hata mteja akirudi baada ya miaka kumi, unaanzia hapo."

Karani akaweka ncha begani, akashuka. Mafundo mawili yakakaa juu ya kifupa cha mkono, tii! Akaja mama Mkongo. Tii! "Yesu wangu, niko vilevile!" akapiga kelele, askari akamwambia anyamaze. Akaja afande, amejinyoosha kama yuko gwaride. Tii! Jaji mwenyewe akasema hebu zibadilisheni. Wakachukua ya afande wakampima mama Mkongo, mafundo yakafika kwenye vidole. Wakachukua ya mama Mkongo wakampima afande, yakaishia katikati, kama mtoto aliyevaa shati la mwaka jana.

Loya wa gavumenti akasema, "Hiyo inaonyesha tu kwamba waliwapima mikono wiki iliyopita."

Wakati huo mimi bado niko kizimbani, na hakuna aliyeniambia nishuke. Nikamwambia, "Kijana, kama tungewapima wiki iliyopita, makalio si yangetosha?"

Mkalimani alianza kutafsiri, akashindwa, akacheka. Jaji akavua miwani akaifuta, na haikuwa chafu. Akaandika kitu kirefu.

Lakini yule kijana hakuwa mjinga, nampa haki yake. Akasema, "Haya, tukubali kamba ni za zamani. Mama huyu ametuambia baba yake alikuwa fundi na yeye mwenyewe anajua kupima. Nani anathibitisha kwamba aliyefunga haya mafundo ni mdai? Hawa watatu ni rafiki zao. Nani ambaye si rafiki?"

Nikasikia kiti kimeburuzwa nyuma. Nikageuka. Jirani yangu amesimama, mtandio mweusi, mkoba mkononi. Sikujua hata kama ameondoka nyumbani. Hatua nne tunakaa, na kila mmoja alikuja na bodaboda yake.

"Mimi," akasema. "Mimi siyo rafiki yao. Mimi ndiye niliyemfunga huyu mtoto."

Watu wakaguna. Loya wetu akaomba aruhusiwe kuwa shahidi, jaji akakubali. Akaapishwa kwa Kurani. Akamgeukia jaji.

"Mheshimiwa, ile siku nilisema koti alilishona mwenyewe fundi wetu. Nikasema nimemjua. Uso sikuuona, niliona koti. Wallahi nimeishi na hilo neno miaka tisa na zaidi, kila asubuhi nafungua mlango naona mlango wa mama yake. Nilikosea kusema ni yeye. Lakini koti sikukosea. Alishona koti lile, alishona nguo zangu, alinishonea mpaka nguo ya eda. Kama alikuwa hana kazi, mimi siku zote nilikuwa natembea uchi?"

Jaji akaagiza faili la zamani. Akafunua kurasa, akasoma, akafunua. Akapata. Akamgeukia loya wa gavumenti, akaongea polepole, na mkalimani akanitafsiria neno kwa neno, nami nimeliweka kichwani mpaka leo: "Upande wako uliamini alishona koti, ndipo akafungwa. Leo hamuamini alishona koti, ili asilipwe. Mnataka lipi?"

Kijana akakaa chini.

Tulirudi nyumbani jua bado linawaka. Mwanangu alitangulia na loya, wanaongea. Mimi nikafika mlangoni kwangu, naye jirani akafika kwake, kila mmoja anatafuta ufunguo. Safari hii sikumpa mgongo, nao ukanishukuru.

Akasema, "Dada, gavumenti itamlipa mtoto. Mimi nitamlipa nini?"

Nilikuwa na maneno ya miaka tisa, nimeyapanga mstari kama askari. Yote yakatawanyika. Nikamwambia, "Mletee kitambaa."

"Atanishonea mimi?"

"Sijui. Wewe kilete."

Hukumu ilikuja baada ya miezi kadhaa. Jaji alisoma muda mrefu, nikasinzia kidogo, nisamehewe. Lakini loya alinifinya mkono palepale jaji alipofika kwenye lile neno, na mkalimani akasema kwa sauti: mdai alikuwa fundi wa nguo. Siyo mtu asiye na kazi. Fundi wa nguo. Mwanangu aliomba nakala ya ukurasa ule mmoja tu. Ameutia kwenye fremu.

Na pesa? Msiniulize ni ngapi, Kamwokya kuta zina simu. Sehemu imekuja, sehemu gavumenti inasema inakuja, na loya wangu hawaachii, anawapigia mpaka wanajificha. Italipwa yote. Mimi sina haraka, na mguu umepona. Kilichokuja kilitosha kupanga chumba barabarani, mlango wa bluu, na cherehani mpya inayolia taratibu kama mtoto aliyeshiba.

Lakini asubuhi ya kwanza alifungua mlango akakaa. Alishapiga msumari ukutani, akatundika zile kamba arobaini na moja, mkasi akauweka mezani mbele yake. Hakuushika. Watu walipita, wakasalimia, wakasifia mlango. Hakuna aliyeingia. Nilikuwa nimekaa kwenye kona nakunja vitambaa ambavyo nilishavikunja.

Saa nne hivi, jirani yangu akaingia. Kwapani ana kifurushi. Akakifungua mezani: kijani, maua meupe. Sijui alikitafuta wapi, vitambaa vile siku hizi havipo.

Mwanangu alimwangalia. Mimi nikaacha kukunja. Kisha akasimama, akaenda kwenye msumari, akaanza kutafuta.

"Mama mkubwa, yako ilikuwa ya kwanza kabisa," akamwambia. "Mama, ile ya kijani iko wapi?"

Nikarudia vitambaa vyangu, nikakunja.

"Mama?"

"Nilifungia kuku," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia.

"Kuku gani?" akauliza jirani.

"Wa Krismasi. Ule mwaka."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Nikaona midomo yake inapigana. "Alikuwa mnene?"

"Mnene sana."

"Na paja hukuniletea! Nilinusa harufu siku nzima, nikajua tu."

Tukacheka mpaka nikashika meza. Mwanangu naye akacheka, kile kicheko chake cha barazani, na akiwa bado anacheka akachukua mkasi, akakata kamba mpya ndefu kwenye bunda la uzi. Hakuona hata kwamba ameushika. Mimi niliona.

"Shika ncha, mama," akasema.

Nikaishika kwenye bega la jirani yangu. Ni zaidi ya miaka tisa sikumgusa, amepungua upande huo. Mwanangu akavuta, akafunga moja. Akashuka na mkono mpaka kwenye kifundo, akafunga mawili, akakaza kwa meno kama babu yake. Akazunguka kifua, matatu. Akazidi kushuka.

"Hapo kwenye makalio angalia," jirani akaniambia. "Usinikatie kamba fupi kama ya yule wa baa. Shika vizuri, Mama Fundi."